Tairi, kanga na ringi ya baiskeli: shajara ya sebule yetu ya Kirumba, Mwanza

Jumamosi, 1 Machi 2025

Leo nimemwaga stoo. Naiita stoo kwa heshima tu. Ni kona nyuma ya mlango wa chumba cha watoto, ambako kila kilichoharibika tangu tuhamie kimekuwa kikisukumwa kwa mguu. Kumetoka kitanda cha mtoto kilichokatika chaga lakini miguu mizima, mlango mmoja wa kabati, hadibodi ya mgongo wa kabati la tivii, ringi ya mbele ya baiskeli ya marehemu babu (Phoenix, inchi 28), kanga zilizochakaa hadi mkono unaonekana upande wa pili, chupa sita za mvinyo zilizobaki harusini kwa mdogo wangu, na ndoo ya vizibo vya soda ambavyo watoto huchezea drafti.

Sebule ina viti viwili na mkeka. Mgeni wa tatu akija, mwenyeji anasimama. Nataka vitu viwili: kigoda cha kukalia na kioo kikubwa. Nimejiwekea sharti kwamba malighafi itoke kwenye takataka za humu ndani, na dukani ninunue vya kuunganishia tu.

Sharti la pili si langu. Mwenye nyumba hataki msumari ukutani. Upo mmoja, aliuacha mpangaji aliyetutangulia, na huo ndio nitakaoutumia.

Sharti la kwanza nimelivunja siku hiyohiyo. Sina tairi, na kigoda nilichokifikiria ni cha tairi. Nimelipata kwa fundi wa pancha kwa shilingi 2,000. Limeandikwa 175/70 R13. Kwa anayetaka kupiga hesabu kabla ya kubeba: 175 ni upana kwa milimita, 70 ni asilimia ya upana huo inayofanya kimo cha ubavu, 13 ni inchi za ringi. Langu likawa na kipenyo cha sentimita 57 na nusu na upana wa 17 na nusu. Linatosha makalio ya mtu mzima bila kujaza sebule.

Jumapili, 9 Machi

Wiki nzima nimeliacha tairi nje, mvua ikanyesha mara tatu. Jana naliinua nilisafishe, naona maji yametulia ndani na viluwiluwi wanacheza. Nililiweka mwenyewe hatua nne kutoka dirisha la watoto. Mbu wanaoeneza dengi wanapenda hasa maji ya namna hii, safi na yaliyotuama kivulini. Ukileta tairi nyumbani, liweke ndani siku hiyohiyo au litoboe chini maji yapite.

Nimelisugua kwa sabuni ya unga na brashi ya choo (mpya, msiogope), nikasuuza mara nne mpaka maji yakaacha kuwa meusi.

Kisha nikaharibu biti ya drili. Nilitaka kufunga miguu kwa kupita upande unaokanyaga barabara. Huko ndani kuna waya za chuma, biti ikakwama, ikakatika, 3,000 zikaenda. Matairi ya gari dogo waya wake uko kwenye uso unaokanyaga na kwenye ukingo unaoshika ringi. Ubavuni ni mpira na nyuzi tu, drili inapita kama kwenye papai. Nimenunua biti nyingine na kutoboa ubavuni.

Mlango wa kabati umetoa duara mbili, ya juu na ya chini. Seremala jirani amezikata bure, akacheka, akasema, "Dada, hiyo chipbodi." Nikamwambia najua. Sikujua alimaanisha nini. Nitakuja kujua.

Jumamosi, 15 Machi

Kamba ya katani ya milimita 8, mita 40, kwa 600 kila mita: 24,000. Gundi nyeupe ya mbao, nusu kilo: 5,000. Nilianza katikati ya duara la juu, nikazungusha kamba kama konokono, gundi chini yake, vitabu vya watoto juu yake vikiikandamiza. Kwenye ubao ilishika vizuri sana.

Kwenye tairi haikushika kabisa. Gundi nyeupe hukauka kwa maji yake kunywewa na mbao, na mpira haunywi maji. Asubuhi niliinua kamba ikatoka na utando wa gundi mzima mzima, mweupe, kama ngozi ya maziwa. Watoto waliufurahia kuliko kigoda.

Jumamosi, 22 Machi

Fundi viatu wa barabarani ndiye aliyenipa jibu. Nilimkuta anabandika soli iliyokatwa kwenye tairi, nikajiona mjinga kwa nini sikuanzia kwake. Gundi yake ya njano hupakwa pande zote mbili, unasubiri dakika kumi hivi mpaka ukigusa haikamati kidole, ndipo unabandika. Ukibandika mbichi haishiki. Na kabla ya hapo tairi likwaruzwe kwa msasa mpaka ule mng'ao uondoke. Fanyia kazi hiyo mlangoni na jiko la mkaa liwe mbali, maana harufu yake inawaka na inalevya.

Ilishika, lakini kamba ikaisha. Nilikuwa nimenunua kwa jicho. Hesabu ambayo ningeifanya wiki iliyopita ni hii: chukua eneo unalotaka kufunika, gawanya kwa unene wa kamba, utapata urefu. Duara la juu la tairi langu ni kama sentimita za mraba 2,600. Gawanya kwa 0.8, ni mita 32 na nusu. Ule uso unaokanyaga barabara, kuzunguka wote, ni sentimita 180 mara 17 na nusu, gawanya kwa 0.8, karibu mita 40 nyingine. Jumla mita 72. Mimi nilikuwa na 40. Baada ya juu kukamilika nikabaki na kamba ya mizunguko minne tu upande wa chini.

Sitanunua kamba ya 19,000 nyingine wakati kanga zipo. Nimezichana vipande vya upana wa sentimita tano kwa urefu wa kanga, nikasuka vitatu vitatu kama nywele za mwanafunzi. Kanga moja inatoa kama mita saba za msuko wenye unene wa sentimita moja na nusu. Nilihitaji mita 17, kwa hiyo kanga mbili hazikutosha, ikabidi nichukue ya tatu. Ya tatu mama wa mtoto wangu wa ubatizo hakupendezwa nayo, kwa sababu aliniletea yeye, lakini imeshachanika. Yale maneno ya pindoni yametawanyika ndani ya msuko. Herufi moja moja zinachungulia, huwezi kusoma chochote. Afadhali, kwa maneno yaliyokuwapo.

Kando: chupa za mvinyo. Nilijaribu ile njia ya uzi uliolowekwa mafuta ya taa, unafunga shingoni, unawasha, unatumbukiza kwenye maji baridi. Sita zimeingia, moja imekatika sawasawa, tano zimepasuka zinavyotaka zenyewe. Nyumba yenye watoto peku sitarudia. Nimeachana nazo.

Jumapili, 30 Machi

Jana jioni nilipaka vanishi miguu (ile ya kitanda, nimeikata sentimita 22) na kamba ya juu. Nikaweka barazani, nikawasha taa nione nilikoruka.

Mtu wa Kirumba anajua tayari kilichotokea. Mwezi ulikuwa umezama kabisa, giza la mwandamo, na huo ndio wakati wadudu wa ziwani wanapoibuka. Mchana nilikuwa nimeyaona mawingu yao juu ya maji kama moshi wa mtu anayechoma nyasi, nikasema, "Ah, wako mbali." Saa mbili usiku walikuwa kwenye taa yangu. Saa mbili na nusu walikuwa kwenye vanishi yangu. Kigoda kiliota manyoya.

Jaribio la kwanza, kuwafuta kwa kitambaa vanishi ikiwa mbichi, liliwasaga wakawa uji wa kijivu. Usifanye hivyo. Waache wakauke mpaka kesho. Miguuni niliwaondoa kwa msasa laini na kupaka upya. Kwenye kamba msasa hauingii. Nimekaa na kibanio cha nyusi tangu asubuhi ya leo, nikatoa wengi, wengine watabaki humo milele. Mgeni akiuliza nitasema ni madoadoa ya katani.

Kwa aliye karibu na ziwa: paka asubuhi mapema, ifikapo saa kumi jioni iwe haigandi mkononi, na ukilazimika kukaa usiku zima taa ya nje. Simu yangu imejaa mafundisho ya kupaka vanishi na hakuna hata moja linalotaja wadudu.

Jumamosi, 12 Aprili

Idi ilikuwa Jumatatu ya tarehe 31. Watoto wa majirani walikuja na sahani za pilau, wakakaa kwenye kigoda watatu kwa mpigo, wakarukaruka. Nilinyamaza kwa sababu ya pilau. Jioni msuko wa kanga ulikuwa umeachia nusu mzunguko.

Nilibandika tena na kopo la pili la gundi ya viatu. Ukaachia tena baada ya wiki. Gundi ilikuwa nzima, imeng'ang'ania tairi kwelikweli, ila kanga yenyewe ilikuwa imetoka ndani ya gundi. Tairi hubonyea mtu akikaa na kurudi akiinuka; soli ya kiatu hupinda pamoja na mguu, ila msuko wangu ulikuwa umefungwa kama mshipi unaovutwa kila mara.

Nyumba ya chini yetu anakaa mzee aliyevua dagaa miaka mingi, sasa anashona nyavu za wengine. Wakati wa giza humwoni. Mitumbwi inatoka kila usiku na taa zake za sola, naye yuko Mwaloni, sokoni kwa samaki, kutwa. Mbalamwezi ikikomaa dagaa hawaji kwenye taa, mitumbwi inapumzika, na nyavu zinaletwa kwake zikiwa zimetoboka. Wiki hii mbalamwezi imekomaa. Nikashuka na kigoda kichwani.

"Mwangaluka, babu."

"Mwangaluka, mjukuu wangu. Umeniletea kiti?"

Alikigeuza, akavuta msuko kwa vidole viwili, ukatoka wote. Hakusema neno kuhusu gundi. Alichosema ni, "Ulishaona wavu umebandikwa?"

Akanionyesha. Drili ilishatoboa ubavu kwa ajili ya miguu, basi nikaongeza matundu 18 kuzunguka ukingo wa juu na mengine 18 chini, kila baada ya sentimita kumi, milimita tatu kila moja. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu umeingia kwenye ile sindano yao ya plastiki yenye ulimi katikati, inayobeba uzi mrefu tumboni. Kila mzunguko wa msuko unashonwa kwenye ule wa chini yake, na wa mwisho unafungwa kwenye matundu.

Fundo lenyewe ni lilelile la wavu. Uzi unapanda kupitia ndani ya kitanzi cha chini, unazunguka nyuma ya shingo ya kitanzi, unarudi na kupita chini yake wenyewe. Kabla ya kukaza unabana kwa kidole gumba pale nyuzi zinapokatana. Nililiharibu mara kumi na kitu kwa sababu nilikuwa nakaza kwanza na kubana baadaye, likateleza na kugeuka kitanzi cha kunasia kuku. Alinipiga kidole kidogo kwa sindano kila nilipokosea. Ilipofika la ishirini akaacha kuniangalia, akarudi kwenye wavu wake.

Saa nne kazi ikaisha. Nimekivuta, nimekirukia mimi mwenyewe, kimetulia. Uzi: 3,000. Mzee amekataa pesa, amepokea sukari.

Jumatatu, 21 Aprili

Pasaka. Mama mkwe alivuka jana asubuhi na pantoni ya Kamanga kutoka kwao Sengerema, na begi la michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa. Nikampa kigoda kwa sifa nyingi. Alikaa. Akainama kumshika mjukuu. Mguu mmoja ukatoka na skrubu zake na vumbi la maranda, yeye akashuka taratibu upande wa kulia kama mtumbwi unaoingia maji.

Hakuumia, namshukuru Mungu. Alichokisema kitabaki ndani ya familia.

Sasa nimeelewa seremala alichocheka. Chipbodi ni maranda yaliyoshindiliwa kwa gundi. Skrubu ikivutwa wima inashika kidogo; ikisukumwa kwa ubavu, kama mguu wa kiti unavyofanya mtu akiinama, inang'oa donge zima. Na yangu ilikuwa imeshafura ukingoni kwa unyevu wa masika.

Leo maduka ya vifaa mengi yamefungwa lakini seremala yuko nyumbani. Kipande cha plaiwudi ya milimita 18 ameniuzia 10,000. Badala ya skrubu nimetumia bolti zinazopita plaiwudi na ubavu wa tairi hadi ndani, washa pana (vile visahani vya chuma) pande zote, nati juu: 4,000. Duara la juu la chipbodi nimeliacha, maana lenyewe linabebwa na tairi na halivutwi na kitu. Mama mkwe amekaa tena kabla ya kuondoka. Alishika ukuta kwanza.

Jumamosi, 10 Mei

Kioo. Hiki nilidhani kitakuwa rahisi.

Ringi imetolewa spoki zote, imesuguliwa kutu, imepulizwa rangi nyeusi ya kopo (6,000). Hadibodi imekatwa duara la sentimita 60 ikaingia ndani ya ringi. Kioo cha duara, sentimita 50, kimekatwa na fundi vioo kwa 18,000. Kati ya kioo na ringi imebaki njia ya sentimita tano, na hapo ndipo vizibo vya soda vimepata kazi: vimepondwa kwa nyundo vikawa bapa, vikapangwa safu mbili vikilaliana kama magamba ya sato. Vimeingia 140 na ushee. Kila kimoja kimepigiliwa kwa msumari mdogo wa fundi viatu, ncha ikapindwa nyuma ya hadibodi. Sikutumia gundi hapo, nimejifunza.

Ila kioo chenyewe nimekibandika kwa silikoni (7,000), maana kioo hakishonwi. Nilipaka mgongo mzima, mistari minene. Nyumba imenuka siki siku mbili.

Jumapili, 8 Juni

Madoa meusi. Yalianza kama kinyesi cha nzi, nikayafuta, hayakufutika, yako nyuma. Sasa yamefuata mistari ya silikoni ile ile, ukisimama mbele unajiona umepigwa viboko.

Nimekibeba kwa fundi vioo. Alinusa mgongo tu. Silikoni inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na asidi inakula rangi ya mgongo wa kioo na ile fedha iliyo chini yake. Kwa bafu na dirisha haina neno. Kwa kioo cha kujitazamia unatafuta ile isiyonuka siki, na hata hiyo unaweka matone machache, hupaki mgongo mzima. Amenikatia kingine, 18,000, bila punguzo.

Safari hii hakuna gundi yoyote. Nimekata kopo la maziwa ya unga vipande vinane, sentimita mbili kwa tano, nikavikunja kama kucha. Upande mmoja unashika ukingo wa kioo, mwingine umefungwa kwa bolti ndogo zilizobaki. Chini ya kila ukucha nimeweka kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli ili bati lisikikwaruze na kioo kisitikisike. Ilibidi ning'oe vizibo kama 30 na kuvirudisha juu ya mashina ya kucha. Ukiangalia haraka huoni kucha zilipo. Kata bati ukiwa na glavu. Mimi nimeandika haya kwa vidole vitatu.

Jumamosi, 21 Juni

Hesabu, kwa atakayeiga.

Kigoda kimenigharimu 82,000. Ndani yake 19,500 ni makosa matupu: gundi ya mbao, biti, kopo moja la gundi ya viatu, skrubu za 3,000, brashi moja na msasa wa kuondoa wadudu. Kioo ni 49,000, na 25,000 kati ya hizo ni silikoni pamoja na kile kioo cha kwanza, ambacho sasa watoto wanakitumia kama barafu ya kuchezea wanasesere. Jumla 131,000.

Seremala alishaniambia tangu Machi kwamba kigoda kipya cha mbao angenitengenezea kwa 45,000. Basi anayesema vitu vya takataka ni vya bure, mwambie aje Kirumba. Lakini nikitengeneza cha pili kesho, msuko wa kanga juu hadi chini badala ya katani, uzi wa nyavu badala ya gundi yoyote, kinatoka kwa 34,000. Nimepiga mara mbili, ni hivyo. Kinachotakiwa ni kanga sita na mzee wa nyumba ya chini kuwa na nafasi, ambayo ni wiki ya mbalamwezi.

Jana mwenye nyumba alikuja kuchukua kodi. Alisimama mbele ya kioo, akauliza msumari ule ni wa nani. Nikamwambia wa mpangaji aliyepita. Akatazama vizibo kwa muda, akagusa kimoja, akauliza kama vinatoka. Havitoki. Akavuta kigoda, akakaa kuhesabu pesa, na miguu yote minne ilikuwa chini.